Wamepimwa. Kisha?

Kila inapofika Alhamisi ya pili ya Oktoba, Siku ya Afya ya Macho Duniani, mambo huwa yaleyale. Turubai hupigwa kwenye uwanja wa shule, mgeni rasmi husomewa risala, fulana hugawiwa, na watoto hupangwa foleni mbele ya bango la herufi E lililobandikwa ukutani. Jioni taarifa inatoka: wamepimwa watoto elfu mbili, au elfu tano, au zaidi. Idadi hiyo ndiyo inayoingia magazetini, kwenye ripoti ya mfadhili na kwenye risala ya mwaka unaofuata. Ni nadra kusikia mtu akiuliza wangapi kati ya watoto hao wanaona vizuri zaidi leo kuliko walivyokuwa wakiona kabla ya kupangwa foleni.

Swali hilo haliulizwi kwa sababu karibu kila anayehusika amekwisha kukubali kwamba kupima ndiyo kazi yenyewe. Wakipimwa wengi, kazi imefanyika. Wakipimwa wengi zaidi mwakani, kazi imekua. Makala haya yanaikataa hesabu hiyo. Mtoto aliyepimwa, akaonekana ana tatizo, kisha akarudi nyumbani na karatasi ya rufaa ambayo hakuna aliyeifuatilia, hajasaidiwa chochote. Mpango uliompima unapaswa kumwandika katika safu ya watoto uliowakosa, tena aliyekoswa huku akiwa ameshaonekana.

Wala wazo hili si geni. Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha J. M. G. Wilson na Gunnar Jungner kuhusu kanuni za kuwapima watu wanaojiona wazima. Kanuni ni kumi. Zinataka pawepo tiba inayokubalika na mahali pa kuipata, na ya mwisho inasema kutafuta wagonjwa kuwe kazi ya kuendelea, isiwe shughuli ya mara moja ikaisha. Zaidi ya nusu karne imepita, na bado bajeti nyingi za kupima macho ya watoto zinakwisha siku turubai linapokunjwa.

Kwa watoto wa miaka mitatu hadi mitano kosa hilo ni zito zaidi, na sababu iko kwenye ubongo. Mtoto hujifunza kuona kama anavyojifunza kutembea, ila kujifunza huku kuna muda wake. David Hubel na Torsten Wiesel, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, walifumba jicho moja la mtoto wa paka katika wiki zake za mwanzo. Walipolifumbua baadaye jicho lenyewe lilikuwa zima, lakini ubongo ulikuwa umeshaacha kupokea habari zake. Walipofanya vivyo hivyo kwa paka mkubwa, hakikuharibika kitu.

Kwa mtoto wa binadamu hali hiyo hutokea bila jicho kufumbwa na mtu. Jicho moja linaweza kuwa na makengeza, au mtoto wa jicho, au likahitaji lenzi kali kuliko mwenzake. Ubongo ukiletewa picha safi kutoka upande mmoja na ukungu kutoka upande wa pili, huushika ule safi na kuupuuza mwingine. Hilo ndilo jicho vivu. Haliumi, halitoi tongotongo, halipigi wekundu. Mtoto anacheza mpira, anaokota punje ya mchele sakafuni, anamtambua babu yake tangu yuko mbali barabarani, yote hayo kwa jicho lile moja zima. Kauli inayosikika kila mahali, kwamba mtoto asiyeona vizuri atasema mwenyewe au atagunduliwa na mwalimu, inaangukia hapo. Atasemaje, na hajawahi kuona kwa namna nyingine?

Tiba yake ikianza mapema ni rahisi kiasi cha kutia aibu. Kwa wengine miwani peke yake inatosha. Wengine wanahitaji pia jicho zima lizibwe kwa muda ili lile vivu lilazimike kufanya kazi. Utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2003 ulionyesha kwamba kwa watoto wa chini ya miaka saba wenye tatizo la wastani, kuziba jicho kwa saa mbili kwa siku kunaleta matokeo sawa na kuliziba kwa saa sita. Mwaka uliotangulia watafiti haohao walikuwa wameonyesha kwamba tone la atropini kwenye jicho zima linaweza kufanya kazi ya kitambaa cha kuzibia. Baada ya miaka saba au nane tiba bado huwasaidia baadhi, lakini wanakuwa wachache na kazi inakuwa ngumu. Kwa hiyo mtoto wa miaka minne aliyepewa karatasi leo, kisha akasahauliwa hadi awe darasa la nne, amepokonywa kitu ambacho hakuna kambi ya macho itakayomrudishia.

Watetezi wa kambi wana jibu lao, na si jibu la kijinga. Wanasema: surua ilipigwa kwa kampeni. Matone ya vitamini A yamewafikia watoto kwa kampeni, Juni na Desemba, na upofu wa kovu la kioo cha jicho uliokuwa ukisababishwa na surua na lishe duni umepungua sana. Iweje kampeni ifae huko isifae hapa?

Inafaa huko kwa sababu tiba inaishia palepale kwenye foleni. Mama anafika, mtoto anadungwa au anadondoshewa matone mdomoni, mambo yamekwisha. Hata asiporudi, dawa iko mwilini. Kwenye macho foleni haimalizi chochote. Mtoto aliyeshindwa kusoma bango anahitaji kupimwa upya na mtaalamu, mara nyingi kwa matone ya kupanua mboni, kisha atengenezewe miwani ya kipimo chake, kisha aivae, kisha arudi baada ya wiki kadhaa kuangaliwa kama uoni wa jicho umepanda. Kuhesabu vichwa kwenye chanjo ni kuhesabu tiba. Kuhesabu vichwa kwenye macho ni kuhesabu waliosimama mbele ya ukuta.

Na hata kusimama huko mbele ya ukuta, kwa mtoto mdogo, hakufanywi vizuri kwenye foleni ya kambi. Ipo dhana nyingine kwamba mtoto asiyejua kusoma hapimiki, asubiriwe aingie darasa la kwanza. Lea Hyvärinen, daktari wa macho wa Finland, aliivunja dhana hiyo tangu miaka ya 1970 kwa picha nne tu: tufaha, nyumba, duara na mraba. Mtoto halazimiki kujua jina la picha yoyote. Muuguzi anamwekea mapajani kadi yenye picha zote nne, anakwenda kusimama mita tatu kutoka kwake, anaonyesha moja, na mtoto anagusa iliyofanana nayo. Tufaha likiitwa embe, au moyo, sawa. Duara likiitwa chapati, sawa pia. Kinachotakiwa ni kwamba jina au kidole kisibadilike.

Ujanja uko kwenye mambo madogo. Kabla ya kurudi nyuma mita tatu, muuguzi anacheza na mtoto kwa karibu, macho yote mawili wazi, mpaka aone mchezo umeeleweka. Umbali unapimwa kwa kamba iliyofungwa fundo, si kwa hatua za kukadiria. Jicho lisilopimwa linafunikwa kwa plasta ya macho, kwa sababu mtoto akiambiwa ajizibe kwa kiganja atachungulia kati ya vidole, na wala hadanganyi. Anataka tu kushinda mchezo. Ukimwona anageuza kichwa, anarefusha shingo au analia pale tu jicho moja linapofunikwa, umeshapata nusu ya jibu, maana umemzibia lile analolitegemea. Na mtoto anayesubiri zamu hakai mahali anaposikia majibu ya mwenzake. Watoto wa miaka mitano huukariri mstari mzima kwa dakika mbili. Kila jicho linapimwa peke yake, kila mtoto anapewa dakika zake. Kambi inayotaka kuwamaliza watoto mia nane kabla ya chakula cha mchana haina dakika hizo, hivyo inapima macho mawili kwa pamoja, na jicho vivu linapita likiwa limejificha nyuma ya ndugu yake.

Mzazi wa mtoto huyo anaambiwa kwamba mwanawe hana tatizo. Hapo kambi imefanya vibaya kuliko kutofika kabisa, maana mzazi aliyekuwa na wasiwasi kidogo sasa ametulia.

Upande wa pili wapo waliofelishwa bila kosa. Tuchukue mfano wa hesabu tu: watoto 1,000, kati yao 30 wana tatizo la kweli, na wanapimwa kwa kipimo kinachowanasa wenye tatizo 80 katika kila 100 na kuwapitisha wazima 90 katika kila 100. Wengi wangesema hicho ni kipimo kizuri. Kitawapata 24 wenye tatizo, lakini pia kitawafelisha wazima 97. Karatasi za rufaa zitakuwa 121, na zaidi ya 90 kati yake zitapelekwa hospitali bure: nauli imelipwa, siku ya kibarua imepotea, na daktari ameinua mabega. Mama aliyefanyiwa hivyo mara moja hatarudi kwa karatasi ya pili, na atawasimulia majirani. Dawa ya hili inajulikana: aliyeshindwa apimwe tena siku nyingine, na mtu mwingine, kabla ya kuandikiwa rufaa. Jambo hilo halihitaji mashine. Linahitaji kurudi shuleni wiki inayofuata, na kurudi ndiko kambi isikokuweza.

Ukiwabana wenye kambi kuhusu watoto wasiofika hospitali, watawalaumu wazazi. Wazazi hawana mwamko. Wazazi wanaamini dawa za kienyeji. Wazazi wanapuuza. Lawama hii imesemwa mara nyingi mno hata ikaanza kuonekana kama matokeo ya utafiti. Matokeo yenyewe ya utafiti yanasema vingine.

Katika kaunti ya Trans Nzoia, magharibi mwa Kenya, timu iliyoongozwa na daktari Hillary Rono ilizigawa shule 50 za msingi kwa bahati nasibu. Nusu zilipima macho kwa utaratibu wa kawaida, mtoto aliyeshindwa akapewa rufaa ya maandishi. Katika nusu nyingine walimu walitumia simu zenye programu ya Peek, iliyozaliwa Nakuru kutokana na kazi ya daktari Andrew Bastawrous. Simu ilipima, lakini ilifanya na zaidi. Ilitoa picha ya kuwaonyesha wazazi namna mtoto wao anavyouona ulimwengu, ukungu wote ukiwemo, na iliwatumia ujumbe wa kuwakumbusha tarehe ya kwenda hospitali. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Upande wa karatasi walipimwa watoto 10,284, wakashindwa 366, wakafika hospitali 82, yaani asilimia 22. Upande wa simu walipimwa 10,579, wakashindwa 531, wakafika 285, asilimia 54.

Wazazi ni wa kaunti ileile, wenye mashamba yaleyale ya mahindi na matatu zilezile. Mwamko wao haukubadilika kati ya shule moja na nyingine. Kilichobadilika ni mpango wenyewe. Upande mmoja uliwapa karatasi, upande wa pili uliwaeleza kinachomsibu mtoto na kuwafuata hadi wafike. Na ukizitazama pande hizo kwa hesabu ya kambi, elfu kumi na kidogo huku, elfu kumi na kidogo kule, ripoti zake zingefanana kabisa. Hesabu isiyoweza kutofautisha asilimia 22 na asilimia 54 haifai kuongoza chochote, sembuse fedha.

Watoto wa Trans Nzoia walikuwa wa shule ya msingi, ni kweli. Kwa wa miaka minne kazi ni ngumu zaidi, hivyo haja ya kuwafuatilia inazidi.

Kuna hatua nyingine ambayo taarifa za Oktoba haziifikii hata kidogo: miwani yenyewe. Msemo wa kawaida ni kwamba cha bure hakithaminiwi, kwa hiyo mzazi apewe cheti cha kipimo akanunue mwenyewe. Jijini Dar es Salaam jambo hili lilipimwa kwa wanafunzi wa kidato cha kwanza, na matokeo yakatoka mwaka 2008. Kundi moja lilipewa miwani bure, jingine likapewa cheti tu. Baada ya miezi mitatu, asilimia 47 ya waliopewa bure walikuwa wamevaa au wanayo shuleni. Kwa waliopewa cheti, 26. Cha bure kilithaminiwa karibu mara mbili.

Lakini wapenda kugawa miwani wasishangilie mapema, kwa sababu 47 maana yake zaidi ya nusu hawakuwa nayo. Kumkabidhi mtoto miwani na kumpiga picha kunaacha maswali yote ya nyumbani bila majibu. Bibi anasema miwani italegeza macho. Wenzake wanamwita macho manne. Fremu ni ya mtu mzima, inateleza kwenye pua ambayo bado haijainuka vya kutosha kuishikilia, na ikivunjika hakuna pa kuitengeneza. Lile la kulegeza macho lina jibu. Utafiti wa Malaysia uliochapishwa mwaka 2002 uliwapa baadhi ya watoto wasioona mbali miwani yenye nguvu pungufu, kwa kuwahurumia macho, na macho yao yakaharibika kwa kasi kuliko ya waliopewa miwani kamili. Jibu hilo lakini linafaa likiwa mdomoni mwa muuguzi anayemjua bibi, siku ya kliniki. Kwenye bango la barabarani halimfikii.

Sasa imeingia kamera. Unaishika kama simu kubwa, unamlenga mtoto kutoka mita moja, baada ya sekunde chache inatoa jibu. Kwa mtoto wa mwaka mmoja au miwili asiyeweza mchezo wa picha, ni chombo chenye manufaa, na hakuna sababu ya kukidharau. Ila kamera haipimi uoni. Inapima dalili zinazoweza kuleta jicho vivu: lenzi isiyolingana, makengeza, ukungu kwenye mboni. Ikiwekewa kiwango kikali inawafelisha wengi wasio na shida, kikilegezwa inawaacha wenye shida. Na kasi yake, inayosifiwa sana na wauzaji, inazidisha ugonjwa uleule: inazalisha karatasi za rufaa nyingi zaidi kwa saa, kwa kliniki ileile yenye mtaalamu mmoja anayekuja Jumanne na Alhamisi. Wilaya isiyoweza kuwahudumia watoto kumi waliopatikana kwa bango haitawaweza arobaini waliopatikana kwa kamera.

Mboni nyeupe ni suala tofauti na haisubiri bango wala kamera. Mtoto ambaye mboni yake inang'aa nyeupe, hata kwenye picha ya simu ya shangazi, anaweza kuwa na mtoto wa jicho au saratani ya jicho, na anatakiwa afike hospitali kubwa kama KCMC, Muhimbili, CCBRT au Kikuyu ndani ya siku, si miezi. Kila muuguzi wa chanjo angeweza kumulika mboni kwa tochi maalumu ya macho mtoto anapoletwa kwa chanjo ya miezi tisa.

Nchi ambayo imefanya kazi hii kwa muda mrefu na kuonyesha matokeo ni Sweden. Huko tangu miaka ya 1970 watoto wa miaka minne hupimwa macho katika vituo vya kawaida vya afya ya mtoto, na wanaowapima ni wauguzi. Hakuna sherehe. Jicho vivu kali, lililokuwa likikadiriwa kwa takriban asilimia 2 ya watu, lilishuka hadi karibu asilimia 0.2. Msomaji atasema Sweden ina fedha, na ni kweli: mtoto aliyeshindwa huko anakwenda kliniki iliyopo, tena bila kulipa. Lakini chumba cha muuguzi kilikuwa na nini? Bango la kupimia, plasta na daftari la majina. Fedha zilikaa kwenye kliniki iliyokuwa ikimsubiri mtoto.

Afrika Mashariki njia zipo. Tanzania ina kliniki ya mtoto inayohudhuriwa kwa wingi hadi chanjo ya miezi 18, kisha kuna miezi ya matone ya vitamini A, kisha darasa la awali. Kenya ina madarasa ya awali ya PP1 na PP2, watoto wa miaka minne na mitano wakiwa wamekusanyika tayari darasani kila asubuhi. Mwalimu aliyefundishwa vizuri anaweza kufanya upimaji wa kwanza, ingawa si haki kumtwika darasa lililofurika bila kumpunguzia kazi nyingine. Mpango wenye akili utaanza na swali la mwisho: kliniki ya macho ya wilaya inaweza kuwapokea watoto wangapi wapya kwa mwezi, na fremu ndogo ziko ngapi stoo? Jibu likiwa 20, wanapimwa watoto wa kata mbili mwezi huu, kata mbili mwezi ujao, hadi wilaya iishe, kisha inaanza tena kwa sababu watoto wengine wametimiza miaka minne.

Wafadhili hawatapenda kasi hiyo. Safu za ripoti zitakuwa na tarakimu ndogo: walioshindwa mara mbili, waliofika kliniki, waliopewa miwani au kitambaa, wanaoivaa baada ya miezi mitatu, ambao jicho limepanda mistari miwili kwenye bango. Hakuna mgeni rasmi atakayepiga makofi kwa kusomewa watoto 17. Basi na abaki ofisini, na posho yake, mafuta ya msafara wake na bei ya fulana vihamishiwe kwenye kifungu kinachokosekana katika bajeti nyingi za macho: mshahara wa mtu mmoja mwenye orodha ya majina na simu, anayempigia mama siku moja kabla ya kliniki, na nauli ya kwenda na kurudi kwa mama yule anayejibu kwamba hana.